Kaskazini, Katikati au Bonde la Murray: Uchague Upande Gani wa Australia, na Mwezi Gani

Ramani ya Australia ina mistari ya buluu kila upande, hadi katikati ya jangwa. Ukifika mahali penyewe, mingi ya mistari hiyo ni mchanga mkavu wenye miti kingoni. Mtu wa Turkana au Wajir ataelewa mara moja: hizo ni laga, mito inayoamka siku chache kwa mwaka, na mingine hulala miaka. Mto wa kutiririka mwaka mzima kama Rufiji au Tana ni nadra huko. Kwa hiyo anayepanga safari ya kuona sura ya nchi hii na maji yake aanze na kalenda, ramani ifuate. Ukifika mahali pazuri kwa mwezi usio wake, utakuta barabara imefungwa, au joto limefunga njia za miguu kabla ya saa sita mchana.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye siku 7 hadi 14: mwanafunzi au mfanyakazi kutoka Afrika Mashariki aliyeko Sydney, Melbourne au Perth, au mgeni anayekwenda mara moja tu. Pande tatu zinapimwa hapa: kaskazini ya kitropiki (Darwin, Kakadu), katikati (Alice Springs, Uluru, mto Finke), na bonde la mto Murray kusini-mashariki. Ziwa la chumvi la Kati Thanda–Lake Eyre limewekwa peke yake kwa sababu halipangiki kama mengine.

Mvua inatoka wapi, na inakwama wapi

Australia ina eneo la kilomita za mraba milioni 7.7 hivi, na mvua ya wastani wa karibu milimita 470 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya bara iko chini ya ukanda wa mgandamizo mkubwa wa hewa unaozunguka dunia karibu na latitudo 30 kusini. Hewa huko inashuka, na hewa inayoshuka haijengi mawingu. Pili, ndani ya bara hakuna milima mirefu ya kuidaka mvua. Safu ya Great Dividing Range, yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi, imejipanga kandokando ya pwani ya mashariki. Pepo za bahari zinamwaga mzigo wake pale, zikivuka upande wa pili ni kavu. Magharibi ni uwanda wa miamba mikongwe mno, uliosagwa na mmomonyoko hadi ukawa bapa. Wastani wa mwinuko wa bara zima ni mita 330 hivi. Kilele chake kirefu, Kosciuszko, kina mita 2,228. Watu wa Eldoret na Njombe wanaishi karibu na urefu huo.

Kaskazini ina utaratibu wake. Miezi ile ile kaskazi inapovuma kwenye pwani yetu, Desemba hadi Machi, pepo za msimu zinaingia kaskazini ya Australia zikitokea kaskazini-magharibi, zimebeba maji ya bahari zenye joto. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini-mashariki umeshapita juu ya nchi kavu, nao hauna kitu.

| | Darwin | Alice Springs | Mildura (mto Murray) |
|---|---|---|---|
| Mvua kwa mwaka | mm 1,700 na zaidi | mm 280 hivi | mm 280 hivi |
| Joto la mchana, Januari | 32°C | 36°C | 32–33°C |
| Joto la usiku, Julai | 19°C | 4°C | 4°C |
| Mvua inakuja lini | Novemba–Aprili | haina ahadi. Zaidi Desemba–Februari | kidogo karibu kila mwezi |

Tazama safu mbili za mwisho. Mildura na Alice Springs zinapata mvua karibu sawa, lakini Alice Springs ina mto wa mchanga na Mildura ina mto mpana wenye boti na mashamba ya zabibu. Maji ya Mildura hayakunyesha Mildura. Yametoka kwenye milima ya mashariki, mamia ya kilomita mbali, yakazuiwa na mabwawa na kuachiwa kwa vipimo. Ukishaona hilo umeelewa nusu ya jiografia ya bara hili.

Kaskazini: maji mengi, lakini kwa zamu

Hifadhi ya Kakadu ina karibu kilomita za mraba 20,000. Upande mmoja ni uwanda wa mawe wa Arnhem Land, unaokatika ghafla kwa genge lenye urefu wa hadi mita 300. Chini yake ni mbuga tambarare ambazo mito ya South Alligator na East Alligator huzifunika kwa maji kila mwaka. (Jina ni kosa la mabaharia wa Kiingereza: wanyama waliowaona ni mamba.) Wenyeji wa Kakadu, Wabininj, hawagawi mwaka kwa misimu miwili, wana sita. Gudjewg ni miezi ya mvua kubwa, takriban Desemba hadi Machi. Wurrgeng, katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti, ni ubaridi mkavu. Gurrung, kuelekea Oktoba, ni joto kavu, na Gunumeleng ni joto la jasho kabla ya mvua. Kalenda hiyo ina faida kwa msafiri kuliko ile ya misimu miwili, kwa sababu Mei na Oktoba zote huitwa kiangazi na hazifanani hata kidogo.

Mtego wa kaskazini ni huu. Maporomoko ya Jim Jim, ya mita 200 hivi, yananguruma wakati wa mvua, na wakati huo hakuna gari linalofika, kwa hiyo utayaona kwa ndege ndogo tu. Barabara ikikauka na kufunguliwa, kwa kawaida kuanzia Juni, maji yameshapungua. Kufika Septemba genge linaweza kuwa kavu, umebaki ukuta wa mwamba na dimbwi chini. Njia yenyewe ni kilomita 60 hivi kutoka barabara kuu, na kumi za mwisho ni za gari la 4x4 pekee. Anayetaka maporomoko yenye maji na barabara iliyo wazi ana dirisha la wiki chache tu, na tarehe yake hubadilika kila mwaka kufuatana na mvua. Anayetaka ndege na mamba afanye kinyume: aende Septemba, maji yamebaki kwenye mabwawa machache kama Yellow Water, na viumbe wote wamejikusanya hapo.

Mamba wa maji ya chumvi hufika mita 5, wengine hadi 6, na licha ya jina lake hupanda mito kilomita nyingi hadi kwenye maji yasiyo na chumvi. Wamelindwa na sheria Northern Territory tangu 1971, na sasa wako kila mto wa nyanda za chini. Madimbwi ya kuogelea hufungwa kila msimu wa mvua kwa sababu mafuriko huwaingiza mamba, na hufunguliwa baada ya walinzi kuyakagua na kutega mitego. Kama ubao unasema pamefungwa, au hakuna ubao kabisa, usiingize hata mguu. Ukivua samaki, simama mita kadhaa kutoka ukingoni, na usirudie kuchota maji mahali pamoja. Mamba hujifunza mazoea ya mtu. Samaki anayetafutwa huko, baramundi, ni ndugu wa sangara wa Ziwa Victoria, na ukimwona kichwa utamtambua.

Kivuko cha Cahills Crossing juu ya East Alligator kinastahili mchana mzima. Ni zege lililolazwa chini mtoni, na bahari iko mbali, lakini maji kujaa na kupwa yanafika hapo. Mtu wa pwani anayejua bamvua atasoma jedwali la maji kabla ya kwenda: maji yakianza kujaa yanasukuma samaki juu ya zege, na mamba wanajipanga wakielekea mkondo, midomo wazi. Tazama kutoka kwenye jukwaa la juu. Magari husombwa hapo kwa sababu dereva ameangalia upana wa maji badala ya kasi yake. Isitoshe, ng'ambo ni Arnhem Land, ardhi ya wenyeji, na kuingia kunahitaji kibali.

Katikati: umbo la nchi bila pazia

Kama shabaha yako ni kuelewa ardhi, katikati inazidi pande zote. Hakuna msitu wa kuificha. Safu za MacDonnell zinanyooka mashariki na magharibi ya Alice Springs kwa zaidi ya kilomita 600, matuta ya mwamba mgumu mwekundu yaliyo sambamba. Mito inayakata kati badala ya kuyazunguka, na hilo huwashangaza wengi.

Mto Finke, ambao wenyeji wanauita Larapinta, ni kati ya mito mikongwe kuliko yote duniani. Sehemu ya njia yake inakadiriwa kuwa na miaka milioni 300 na zaidi. Ulikuwa tayari umejipinda kama nyoka juu ya nchi tambarare, kisha mmomonyoko ukashuka nao, nao ukaendelea kukata mwamba ukifuata mapindo yale yale. Ndiyo maana leo unapinda ndani ya magenge ya mawe, jambo ambalo mto mpya usingeweza. Mwenye gari dogo anaweza kuuona Glen Helen, kilomita 130 hivi magharibi ya Alice Springs, lami mwanzo mwisho. Palm Valley, yenye miti ya jamii ya mitende isiyopatikana kwa asili mahali pengine, inafikiwa kwa njia inayopita ndani ya kitanda cha Finke chenyewe, na hapo bila 4x4 usijaribu.

Simama dakika kumi ndani ya mto Todd mjini Alice Springs. Chini ni mchanga mwekundu mnene, umechorwa nyayo za mbwa na watoto. Kando ni mikaratusi mikubwa yenye magome meupe, ya aina ile ile (Eucalyptus camaldulensis) iliyopandwa sana kwetu kwa nguzo na kuni. Angalia mashina yake kwa upande wa juu wa mto: utaona vifungu vya nyasi na vijiti vimenasa, pengine kwenye usawa wa kichwa chako. Huo ndio urefu wa mafuriko ya mwisho. Mti umesimama kwa sababu maji hayajaondoka; yanapita chini ya mchanga, na mizizi imeyafuata, kama watu wa Kitui wanavyochimba mchanga wa mto kupata ya kunywa. Mjini hapo kuna mashindano ya mashua zisizo na sakafu, wachezaji wanakimbia na mashua mikononi juu ya mchanga. Mwaka 1993 yalifutwa kwa sababu mto ulikuwa na maji.

Uluru iko kilomita 450 hivi kwa barabara kutoka Alice Springs, si "hapo jirani" kama wageni wengi wanavyodhani. Mwamba huo una urefu wa mita 348 juu ya uwanda na mzunguko wake wa chini ni kilomita 9.4. Kuupanda kulikomeshwa tarehe 26 Oktoba 2019 kwa uamuzi wa wenyewe, Waanangu. Zunguka kwa miguu chini yake, saa tatu na nusu hivi, ukianza alfajiri. Kata Tjuta, umbali wa nusu saa hivi kwa gari, hupewa muda mdogo na watalii, nao ni makosa: vilele 36 vya mwamba wa kokoto zilizogandamana, na cha juu kabisa kinapanda mita 546 juu ya uwanda. Ukitaka kuona tofauti ya miamba hiyo miwili, gusa: Uluru ni chembe kubwa za mchanga, Kata Tjuta ni mawe ya mviringo, mengine makubwa kama kichwa, yaliyofungwa kwa udongo ulioganda.

Kinachoharibika katikati ni hesabu ya joto. Njia ya Valley of the Winds hufungwa saa 5 asubuhi utabiri ukifika 36°C, na kiwango hicho ndicho wastani wa Januari. Beba lita moja ya maji kwa kila saa ya kutembea. Julai tatizo hugeuka: mchana 20°C, usiku sakitu juu ya hema. Na madimbwi ya kwenye mapengo ya mwamba, kama Ellery Creek, yana maji ya baridi kali hata mwezi wa jua. Mtu aliyechomwa na jua akijirusha ghafla, misuli inakakamaa.

Bonde la Murray: mto uliofungwa lijamu

Murray una kilomita 2,500 hivi, na pamoja na Darling na mito mingine unakusanya maji ya kilomita za mraba milioni moja na ushei, asilimia 14 ya bara. Bado ni mto mdogo kwa maji: Amazoni humwaga baharini maji mengi zaidi kwa siku moja kuliko Murray kwa mwaka mzima. Na una mteremko mdogo ajabu. Kutoka Wentworth, ambako Darling unajiunga, hadi baharini ni kilomita 830 hivi, na mto unashuka mita 30 tu, chini ya sentimeta 4 kwa kilomita.

Ndiyo maana unapinda sana, na ndiyo maana ulikuwa rahisi kufungwa. Bwawa la Hume lilikamilika 1936. Milango ya kupandishia na kushushia boti ilianza Blanchetown mwaka 1922. Karibu na Goolwa kuta tano zilizokamilika 1940 zinazuia maji ya bahari yasipande. Kwa msafiri faida ni kwamba mto una maji miezi yote. Gharama utaiona mdomoni: mwaka 1981 mdomo wa Murray ulizibwa na mchanga kwa sababu mto haukuwa na nguvu ya kuusukuma, na kwa miaka mingi tangu 2002 mashine zimekuwa zikichota mchanga huo ili njia isizibe. Darling umeumia zaidi. Karibu na Menindee samaki kwa mamilioni walikufa 2018–2019 na tena Machi 2023, maji yalipoishiwa oksijeni.

Wentworth kuna kitu cha kuona kwa macho bila maelezo: maji ya Darling, meupe-kahawia kwa udongo wa mfinyanzi, yanakwenda ubavuni mwa maji ya kijani ya Murray kwa umbali kabla ya kuchanganyika. Chini zaidi, kati ya Blanchetown na Mannum, mto unapita chini ya magenge ya chokaa ya manjano. Yatazame kwa karibu: yamejaa makombe na viumbe vya bahari, kwani nchi hii ilikuwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Chumvi ya bahari hiyo bado imo ardhini, na umwagiliaji ukipandisha maji ya chini, chumvi inapanda nayo. Visima vya pampu vimejengwa kuinasa kabla haijaingia mtoni.

Njia bora ya kuuona ni boti ya kulala, siku 3 hadi 7. Bila boti, fuata pantoni za kamba kutoka kijiji hadi kijiji. Upande wa Australia Kusini hazina malipo na zinafanya kazi usiku na mchana. Usipige hema chini ya mikaratusi mikubwa. Huangusha tawi zima siku tulivu isiyo na upepo, bila mlio wa kutahadharisha. Ndani ya maji kuna magogo yaliyozama, basi usijirushe kichwa mbele. Na kabla ya kuingia eneo la mashamba la Riverland, maliza au tupa matunda uliyobeba, kwani sheria ya inzi wa matunda ina faini.

Kati Thanda: usiweke tarehe

Bonde la ziwa hili linachukua sehemu moja kati ya sita ya bara, na hakuna tone linalofika baharini. Sakafu yake iko takriban mita 15 chini ya usawa wa bahari. Mvua ya hapo ni milimita 125 hivi kwa mwaka, nayo haitoshi kitu. Ziwa hujazwa na mvua ya Queensland, inayoshuka kwa mito ya Diamantina, Georgina na Cooper kwa wiki, wakati mwingine miezi, ikijitawanya kwenye vijito visivyohesabika. Kujaa kabisa ni tukio la mara chache kwa karne. 1974 ndiyo mara kubwa kuliko zote zilizorekodiwa. Kwa hiyo fuatilia mafuriko ya Queensland kati ya Februari na Aprili, kisha amua. Ruka kwa ndege ndogo kutoka William Creek au Marree. Ukiwa ardhini utaona chumvi hadi upeo wa macho na maji hutayakuta. Usiendeshe gari juu ya chumvi: ukoko ni mgumu juu na tope chini.

Sasa chagua

Likizo ndefu ya vyuo, Desemba hadi Februari, ndiyo wengi wanayo, nayo ni mbaya kwa kaskazini na katikati. Nenda Murray, na uupande hadi kwenye milima ya chanzo chake: kutoka kituo cha juu cha viti vya kamba vya Thredbo, Kosciuszko ni kilomita 13 kwenda na kurudi, njia rahisi. Likizo ya Juni na Julai iende katikati. Ukiwa na siku 14 unganisha na kaskazini, kilomita 1,500 za lami kati ya Alice Springs na Darwin. Septemba ni ya ndege wa Kakadu. Machi hadi Mei ni ya Murray kwa anayechukia joto. Kwa mtu wa safari moja tu maishani, ningemtuma katikati mwezi wa Julai bila kusita.

Kuhusu gari: wanaendesha kushoto kama kwetu. Mikataba mingi ya kukodi inakataza barabara za vumbi na kuendesha usiku nje ya miji, na sababu ni kangaruu na ng'ombe. Malori ya matela hufika mita 53, basi usianze kulipita bila kuona kilomita nzima mbele yako. Barabara ikikatwa na maji, subiri. Sentimeta 15 zinatosha kuelesha gari dogo, na mto wa jangwani hushuka haraka kama ulivyopanda.

Kabla ya kulipia tiketi, tazama pia habari za Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari ukipata joto kuliko wa mashariki, mvua inahamia kwetu na Australia inakauka. Mwaka 2019 vuli ilileta mafuriko Kenya na Tanzania, na mwaka huo huo Australia ilipata milimita 277 tu, kiasi kidogo kuliko mwaka wowote tangu vipimo vya taifa vilipoanza 1900. Ukisikia vuli yetu imepita kiasi, tarajia Kakadu yenye mabwawa madogo, Darling iliyokatika vipande, na moto wa msituni karibu na chanzo cha Murray.